Niliwapa Mke, Mmenirudishia Mkuu wa Kambi

Velaphi Dube,
Kinyozi,
Chinotimba, Victoria Falls.

Kwa Bi. Terblanche,
Msimamizi wa Wapishi na Madereva,
Kampuni ya Malori ya Kitalii,
Cape Town.

Mheshimiwa Bi. Terblanche,

YAH: KUHARIBIWA KWA MKE WANGU AKIWA MIKONONI MWENU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute umeketi, maana ni ndefu, na upepo wa huko kwenu nasikia huangusha hata watu wanene. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, majani yamefika kiunoni, na tembo wameingia porini kula vya kwao, kwa hiyo mtu anaweza kwenda dukani bila kuchungulia pembeni.

Mimi ndiye mume wa Sithabile Nyathi, mpishi wa lori lenu lile la kijani. Hatujawahi kuonana mimi na wewe, lakini kwa miaka tisa tumekuwa tukigawana mwanamke mmoja, na nadhani watu wa namna hiyo wana haki ya kuandikiana.

Miaka yote hiyo MaNyathi alikuwa akishusha wageni wenu hapa mjini, analala nyumbani usiku mmoja au miwili, anafua, anawapima watoto urefu mlangoni, kisha huyo anaondoka na wageni wengine kwenda Botswana, Namibia, mpaka huko kwenu baharini. Mwaka huu lori mmelipeleka gereji, naye mmempa likizo ndefu ambayo hajawahi kuipata. Tulifurahi. Nilipaka mlango rangi. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu cha kunyolea nilikiambia: "Mke wangu anakuja, na safari hii anakaa."

Bi. Terblanche, aliyekuja siye niliyewapa.

Ningevumilia, maana ndoa ni kuvumiliana. Ila juzi juzi mlimpigia simu. Mnamtaka kwenye njia ndefu, Cape Town hadi Nairobi, kwenda na kurudi, na mnataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Yaani sisi tutamwona Krismasi, tena tukibahatika. Yeye bado hajawajibu, anasema anafikiri. Kabla hajamaliza kufikiri naomba usome malalamiko yafuatayo, ambayo nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Kuhusu kuamshwa. Mimi ni kinyozi. Hakuna mtu anayenyolewa alfajiri isipokuwa maiti, na maiti wana watu wao. Kwa hiyo kazi yangu huanza jua likishakuwa na adabu. Sasa mke wangu husimama mlangoni kungali giza, akagonga sufuria kwa mwiko na kutangaza kwa sauti ya furaha: "Habari za asubuhi, jamani! Chai iko tayari, maji ya moto yapo, tunaondoka baada ya nusu saa!"

Siku ya kwanza nilitoka mbio na soksi moja mkononi nikidhani nyumba inaungua. Nikamwuliza, "Tunaondoka kwenda wapi?"

Alinitazama, akafikiri. "Basi tu, Baba Lindani," akasema. "Tunaondoka."

Hatukuondoka. Tulikaa uani tumevaa viatu, mimi, mama yangu mzazi, na watoto wetu Lindani na Nobukhosi, shuka na vyandarua vyetu tumevikunja na kuvifunga kamba, tukisubiri lori ambalo nyote mnajua lilikuwa gereji. Mama aliuliza kama serikali inatuhamisha.

2. Kuhusu sahani. Hili ni zito, naomba ulisome taratibu. Huko kwenye lori lenu mna utaratibu kwamba mgeni akishakula huosha sahani yake mwenyewe, kwenye mabeseni matatu, kisha haikaushi kwa kitambaa bali anasimama akaipunga hewani mpaka ikauke. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mnampa jembe siku ya kwanza, tena baada ya kulipa. Sitaki kuingilia biashara yenu, mtu akipata wateja wa namna hiyo amshukuru Mungu. Lakini utaratibu huo umeletwa kwangu.

Mama yangu, MaNcube, alijaribu kupinga. Alichukua kitambaa chake akaanza kufuta kikombe kama alivyofanya maisha yake yote. MaNyathi akamshika mkono kwa upole. "Mama, kitambaa ni nyumba ya vijidudu. Akiharisha mmoja, lori zima linaharisha."

"Mimi nimefuta vyombo kwa kitambaa tangu hujazaliwa," Mama akajibu. "Na aliyewahi kuharisha ni mmoja tu, baba yake Velaphi, na siku ile alistahili."

Haikusaidia. Kila baada ya chakula familia nzima ya Dube husimama uani kwa mstari, kila mtu na sahani mbili, tunapunga. Kulia, kushoto, juu, chini. Ua wetu unatazama barabara. Sina haja ya kukueleza kwamba watu wana macho.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanja wanaposali wale ndugu wa kanzu nyeupe, na kiongozi wao ni Mzalwane Sibanda, yaani Ndugu Sibanda, ambaye pia ni mteja wangu, ingawa kichwa chake hakina kazi nyingi. Jumamosi alisimama nje ya ua wetu, akatazama kwa muda, akavua viatu, akaingia.

"Amani kwenu," akasema. "Naona mmepata ufunuo. Nabii wenu anaitwa nani?"

Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka sahani zangu. Mama akaniwahi. "Anaitwa MaNyathi," akasema, huku anapunga. "Ibada ni baada ya kula. Njoo na sahani yako."

Bi. Terblanche, walikuja. Kwanza akina mama wawili wa mtaa wa pili, mmoja ana mguu unaomsumbua. Alipunga sahani siku tatu akasema mguu umelegea. Sasa nina kusanyiko. Wateja wangu wananiita Baba Mchungaji, na mmoja amekataa kunilipa, eti wachungaji hunyoa kwa sadaka.

3. Kuhusu foleni. Katika nyumba ya Mndebele chakula kinajua njia yake. Kinaanza kwa mwenye nyumba. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, na jambo hilo halihitaji kuandikwa mahali popote kwa sababu hata kuku mwenyewe analijua. Sasa chakula chetu kinawekwa mezani nje, tunapanga foleni na sahani zetu, kila mtu anajipakulia. Nilipomwuliza mke wangu kwa nini mimi ni wa mwisho alisema, bila ubaya wowote, "Wageni kwanza, wafanyakazi mwisho."

Nikauliza ni nani mgeni. Akasema Mama na watoto. Nikauliza mimi je. Akanipigapiga begani. "Wewe ni mwenzangu," akasema. "Sisi tunakula wakishashiba."

Sijui kama alikuwa ananitukana au ananipenda. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, hata nikiwa nanyoa watu, na kuna bwana mmoja ana alama juu ya sikio kwa sababu hiyo. Firigisi aliila Nobukhosi. Ana miaka kumi na mmoja. Alisema haina ladha ya ajabu kama nilivyokuwa nikiwadanganya.

4. Kuhusu viti. Nasikia kwenye lori watu hubadilishana viti kila siku ili mmoja asimiliki dirisha. Sawa, lile ni lori. Kwangu kuna kiti kimoja chenye mikono, cha marehemu baba yangu, kinakaa upande wa kulia unapoingia, ambao ni upande wa wanaume. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta Lindani ameketi humo. "Samahani, Baba," akasema, "leo ni zamu yangu. Wewe uko kule." Kule ni kigoda karibu na mlango wa jikoni, mahali kuku wanapopita. Kuku mmoja alisimama akanitazama kama anayesema na wewe umefikaje huku.

Alhamisi kiti kilikuwa cha Mama. Naomba nikiri hapa, kwa kuwa nataka barua hii iwe ya haki, kwamba Mama hajawahi kukaa kwenye kiti kile tangu aolewe. Alikaa, akaweka mikono yake pale alipokuwa akiweka marehemu, akaegemea. Baadaye akasema, "Kumbe kinaumiza mgongo. Na mwanamume yule alikuwa akikikalia kwa majivuno namna ile!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hilo halihusiani na malalamiko yangu. Endelea na namba tano.

5. Kuhusu mkutano wa jioni. Tukishapunga sahani, tunakaa duara kwenye vile viti vya kukunja alivyokuja navyo, na mke wangu anasimama na taa kichwani. Taa hiyo alipewa na Mjerumani mmoja, mgeni wenu. Umeme ukikatika, nao hukatika karibu kila siku, MaNyathi huivaa, na kila anayesema naye humulikwa machoni kama mwizi wa kuku. Ukitaka kugombana naye huwezi, hujui pa kutazama.

Basi anatueleza kesho itakuwaje. "Kesho tunaelekea sokoni. Mwendo si mrefu, ila kuna matope, vaeni viatu vya kufunika. Njiani tukibahatika tutaona nyani. Msiwalishe, msiwatazame machoni. Mchana ni muda huru, kila mtu na shughuli zake. Maswali?"

Mama yangu huwa na maswali. Kwanza hupinga habari za nyani, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa Ncube, na kwa watu wa Ncube nyani ni ndugu. "Usiwaseme vibaya wajomba zangu," husema. "Wakiiba mkate wako, ujue umewanyima." Kisha huuliza soko lilijengwa lini, nani alikuwa na duka la kona kabla ya huyu wa sasa, kwa nini mto umebadilika rangi, na mengine ambayo yeye ndiye anayeyajua, naye hujijibu mwenyewe mpaka watoto wanasinzia hawataki kwenda kulala. Kabla ya hapo Mama alikuwa akila, anasema ahsante, anaingia chumbani. Mimi nilidhani ni uzee. Hili nalo silitaji kama faida. Nalitaja kuonyesha jinsi nyumba ilivyogeuka.

6. Kuhusu pundamilia. Hapa, Bi. Terblanche, naomba tuache mzaha.

Siku aliyofika, mke wangu alituuliza mmoja mmoja, kama mnavyowauliza wageni: "Kuna chakula kinachokukataa? Nyama unakula?" Nilicheka. Nikamwambia nakula kila kitu isipokuwa kile unachokijua. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kwa Lindani.

Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa jioni, akatangaza matembezi ya kwenda mtoni. "Chakula cha njiani ni mkate, mayai ya kuchemsha, na kitu nilichowaletea kutoka Windhoek nikawaficha. Nyama kavu ya pundamilia! Tamu hiyo, wageni huigombania." Akaanza kuigawa.

Sisi ni akina Dube. Kwa Kindebele, dube ndiye pundamilia. Hatumli, hatumpigi, hatumcheki. Ndiye sisi. Siku MaNyathi alipoingizwa kwetu akiwa bibi harusi, mama yangu alimsimamisha kizingitini akamweleza hilo kabla hajamwonyesha hata jiko lilipo.

Nobukhosi alikuwa ameshaiweka mdomoni. Mama akanyanyuka, akamtoa ile nyama taratibu, akaishika kiganjani. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "MaNyathi, mwanangu," akasema. "Umeolewa kwa nani?"

Mke wangu alikitazama kile kiganja. Aliivua ile taa kichwani. "Mama," akasema, "nimewapikia wageni nyama hii miaka yote. Nimeichoma, nimeikaanga, nimeitia vitunguu. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ni..." Akanyoosha mkono kunielekea.

"Ni mimi," nikasema. "Miaka tisa unawapikia Wazungu mumeo. Wanasemaje, chumvi inanitosha?"

Nilitaka kuwachekesha, na watoto walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini, si kwenye kiti, akafunika uso kwa kanga. "Nimekuwa mtu wa barabarani, Baba Lindani," akasema. "Hata sijui tena nani haliwi nyumbani kwangu."

Niliumia. Sikuumia kwa sababu ya nyama, nyama tulimpa jirani ambaye ni wa ukoo wa Ngwenya na hana shida kumla yeyote isipokuwa mamba, ndugu yake. Niliumia kwa sababu nilijua neno lake ni la kweli. Barabara fupi imemsahaulisha ukoo wa mumewe. Hiyo ya Nairobi itamsahaulisha mlango. Siku moja atashuka kwenye lori lenu hapa mjini, atanikuta nimesimama na mwavuli, atanipa mkono aniambie karibu sana, mabegi unaweka nyuma.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa maombi yangu, ambayo naamini utayaona ni ya kiasi.

Kwanza, ile nafasi ya Nairobi iondolewe. Mwambieni mmeshampata mwingine, mwanamume ikiwezekana, asiye na mke.

Pili, MaNyathi aachishwe kazi kwa heshima, lakini kabla ya kumwachisha mumrudishe alivyokuwa. Mtu akiazima baiskeli huirudisha na kengele yake. Mlimfundisha kuamka, mfundisheni kulala. Mtutumie hapa mtaalamu wa uzembe, naamini kampuni kubwa haikosi mmoja ofisini, akae naye uani wiki nzima bila kutangaza chochote.

Tatu, mkishindwa, basi nyumba yangu itambuliwe rasmi kuwa kambi yenu. Mtuletee choo cha pili, maana foleni ya asubuhi inatia aibu, na mnipe mimi ile karatasi ambayo wageni huijaza mwishoni mwa safari kusema walichokipenda na wasichokipenda. Nina mengi ya kujaza.

Nne, na hili nimelifikia baada ya kutafakari sana, ikiwa haiwezekani nyumba yangu iache kuwa lori, basi haki inataka lori lenu liwe nyumba. Wageni waamke wakishachoka kulala. Sahani zifutwe kwa kitambaa. Kiti cha mbele kiwe cha mzee wao mmoja, mpaka afe. Kuku akichinjwa, firigisi apewe huyo mzee, na wengine wamtazame akiila. Najua utasema wageni hawatakubali, watapiga kelele, watasema hayo siyo waliyoyazoea, watadai warudishiwe safari yao kama ilivyokuwa. Basi, Bi. Terblanche, sasa unajua ninavyojisikia.

Tano, nilikuwa na ombi la tano kuhusu lile kusanyiko la sahani, lakini Mama amesoma barua hii begani mwangu na kusema nikiligusa hilo nitafute pa kuishi.

Natumaini utalishughulikia jambo hili kwa haraka inayolistahili. Nisalimie dereva Petrus, mwambie ile mashine ya kunyolea aliyoniletea bado inakata. Wasalimie mafundi wa gereji, na wasijisumbue kuharakisha. Msalimie yule binti anayepokea simu, ana sauti nzuri ingawa hutukatia. Wasalimie wageni wote wenu mlio nao njiani, hasa wale wa zamu ya vyombo. Mama anasalimia. Watoto wanasalimia. Mzalwane Sibanda naye ameomba nimwandike hapa, sijui kwa nini.

Ni mimi niliyevumilia,

Velaphi Dube
Mume

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ikikufikia imejikunja.

Jana alasiri MaNyathi alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti, akataka nimpunguze nywele. Nikamwambia kwamba nimekuandikia wewe kumshtaki. Alicheka, lakini kidogo. "Umechelewa," akasema. "Juzi nilimpigia Bi. Terblanche. Nairobi siendi, na lori silipandi tena. Nimeacha kazi. Nitauza maandazi pale kituoni."

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Unaniuliza kwa nini? Mke asiyejua mume wake haliwi anakwenda kutafuta nini Nairobi?" Akainamisha kichwa. "Kata. Kata fupi."

Kwa hiyo nimepata nilichoomba kabla sijakiomba, na nilipaswa kukushukuru. Leo hakuna aliyegonga kitu. Nililala mpaka jua limepanda, nikaamka nimechoka. Mama alikunywa chai yake, akasema ahsante, akaingia chumbani. Watoto walikula kimya kila mmoja na kona yake. MaNyathi alinihudumia kwa magoti, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

Mchana lori moja lilipita barabara kuu kuelekea mpakani Kazungula. Halikuwa lenu, la kampuni nyingine. Likapiga honi. MaNyathi alikuwa anaanika nguo. Alisimama na shati langu mkononi linachuruzika maji, akasikiliza mpaka sauti ikaisha, na ilipoisha akaendelea kusimama. Mimi nilikuwa dirishani. Uso ule naujua. Ndio aliokuwa nao siku alipotoka kwao kuja kwangu, wakati shangazi zake wote wanalia na yeye peke yake anatazama mbele.

Bi. Terblanche, futa yote niliyoandika hapo juu. Acha salamu tu. Usikubali aache kazi. Mpe Nairobi, kwenda na kurudi, na ukiwa na njia ndefu kuliko hiyo mpe hiyo. Mama anajua, na anakubali. Habari za nani haliwi kwa akina Dube tutamkumbusha kila akipita, ndiyo kazi ya nyumbani.

Ila mpigie wewe mwenyewe. Mwambie kampuni imekataa aache kazi, mwambie wageni wamelia, mwambie uongo wowote unaokujia. Usimwambie nimekuomba. Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia aende atadhani namfukuza, na nikimwambia abaki, atabaki.

V. D.